Mtani Ndani ya Jeneza

Utani uliingia Darasa la Tatu B siku ya Ijumaa, kipindi cha kusoma, na ilipofika Jumatatu saa nne mwalimu mkuu hakuwa na kiti.

Uliingia kwa njia ya kitabu. Vitabu vilikuwa vichache na watoto wengi, kitabu kimoja kwa watoto watano, kwa hiyo aliyekaa katikati ndiye aliyesoma na wa pembeni waliangalia picha. Mwalimu Praxeda alikuwa amewaambia kwamba kila Ijumaa watasoma habari za watu: wanavyooa, wanavyokula, wanavyozika, wanavyogombana na kupatana, ili wakikua wasimshangae mtu kwa kuwa tu hakuzaliwa kwao. Wiki ya kwanza walisoma habari za wafugaji, wakaenda nyumbani wametulia. Wiki ya pili wakasoma habari za watani.

Kwenye dawati la mbele katikati alikaa Hasina, binti wa Sele fundi baiskeli, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa darasa. Kulia kwake alikaa Queen Ernesti, mtoto mwenye kiwiko kikali. Kusoma kwa Queen kulikuwa kwa kusuasua, lakini jambo likishasomwa mbele yake halimtoki tena. Picha ilionyesha mtu amelala kaburini, kakunja nne, na watu wamesimama juu wamejishika viuno. Hasina akasoma kwa sauti: "Mtani akilala kaburini au ndani ya jeneza, haondolewi kwa nguvu wala hatukanwi. Hupewa anachotaka, kama wafiwa wanacho. Hasira ni mwiko."

"Soma tena hapo," Queen akasema.

Hasina akasoma tena. Darasa zima likacheka, na Mwalimu Praxeda akafurahi kuona somo limeeleweka. Kengele ilipogonga akasema, "Nendeni nyumbani mkawaulize wazee, watani wetu ni akina nani. Jumatatu kila mtu aje na jibu."

Jumatatu walikuja nayo majibu, na wakaanza kuyatumia. Watoto wa Kizaramo walipogundua kwamba mwalimu mkuu ni Msukuma, walikibeba kiti chake wakakiweka chini ya tangi la maji. Fimbo ya Mwalimu Praxeda ilichukuliwa na Yona, Mpare, kwa hoja kwamba mwalimu ni Mchaga, na Yona akasema atairudisha akisikia njaa, mwalimu aikomboe kwa andazi. Uji wa Hasina ulinywewa na Queen.

"Mbona unakunywa uji wangu?"

"Mimi Mnyamwezi, wewe Mzigua. Ukikasirika umevunja mila."

Hasina alikasirika, lakini akaimeza hasira yake, maana kitabu alikisoma mwenyewe.

*

Nyumbani kwao Nguvumali, aliyemjibu swali la watani alikuwa babu yake, Mzee Mwinyijuma, ambaye wakati huo alikuwa hainuki kitandani.

"Watani wetu Wanyamwezi," babu alimwambia. "Wale waliokuja kukata mkonge."

"Queen ni Mnyamwezi, babu. Yule wa kwa Ernesti, mfyatua matofali."

"Ernesti Mnyamwezi?" Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye mto. "Mbona ananiamkia kwa adabu miaka yote? Shikamoo mzee, pole mzee, unaendeleaje mzee. Nimemkosea nini?"

"Labda anakuheshimu."

"Ananiheshimu mimi? Mtani?" Mzee aliona kadharauliwa, akamwita mkewe. "Mwatumu! Unasikia? Ernesti ananiheshimu!"

"Lala, baba Ibrahimu," Bi Mwatumu akamjibu. "Utakohoa."

Alikohoa kweli, akacheka, akakohoa. Wiki ile yote alilalamikia heshima ya Ernesti kwa kila aliyekuja kumjulia hali. Jumatano alasiri akafariki dunia, Mungu amrehemu, wakakubaliana azikwe kesho yake ili mtoto wake mkubwa awahi kutoka Horohoro.

*

Ibrahimu alifika magharibi, na pikapu yake imejaa. Alikuwa na duka kubwa pale mpakani, na kila kitu alichokishusha alikitaja.

"Mchele huo. Pishori. Mafuta hayo. Sukari msiimwage, nimeileta mimi. Na sanda hii ni nzuri, si zile nyepesi. Sele, shika hapa. Sele, usiburute!"

"Allah akulipe," wazee wakasema kila gunia lilipoteremka.

Sele alishika, hakuburuta. Yeye ndiye aliyekaa na baba yao, akamlisha na kumgeuza kitandani, lakini mambo hayo hayakuwa na gunia la mtu kulitaja. Alipokuwa amejitwika mchele, mzee mmoja jirani alimshika mkono kwa huruma, akamwambia, "Pole sana mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Ile tairi yangu iko tayari?"

"Bado kidogo, mzee."

"Hapana haraka. Msiba kwanza. Basi kesho?"

Walipomaliza kushusha, Ibrahimu alimwona Hasina akipita na birika la chai kwa wageni, mgongo umenyooka, hamwagi hata tone. Akamtazama kama mtu anavyotazama baiskeli iliyo na hali nzuri.

"Huyu keshakuwa mkubwa," akamwambia Sele mbele za watu. "Kesho tukishazika nitaondoka naye. Wale mapacha wamemshinda mama yao, hapati hata nafasi ya kukaa dukani. Hasina atamsaidia kulea."

"Na shule?" Sele akauliza.

"Kwani Horohoro hakuna shule? Akipata nafasi atakwenda."

Wote waliokuwepo walijua nafasi hiyo haipatikani. Mtoto anayelea mapacha hapati nafasi hata ya kujikuna. Sele akaangalia magunia, akaangalia miguu yake.

"Sawa, kaka," akasema.

Habari ilifika jikoni kabla yake. Zuleha, mama yake Hasina, alimngoja nyuma ya nyumba kwenye moshi, mwiko mkononi, akamsemesha kwa sauti ya chini kwa sababu ya wageni.

"Umesema sawa?"

"Nimesema sawa."

"Mtoto wa kwanza darasani, umesema sawa! Siku kaka yako akitaka kichwa chako akifanye jiwe la mizani dukani utamwambia sawa."

"Zuleha, wali wote unaoupika hapo ni wake. Sanda ya baba ni yake. Nitamkatalia na mdomo upi?"

"Basi mpe wali wake. Nitautoa sufuriani punje kwa punje, nikauanike, arudi nao."

"Usinipigie kelele msibani."

"Sijapiga kelele. Ningepiga ungenisikia."

Kisha akaingia ndani, akaanza kupanga nguo za Hasina katika begi. Sare ya shule aliitia, akaitoa, akaitia tena.

*

Asubuhi Darasa la Tatu B lilikuja kuhani. Ndiyo kawaida ya shule, mwanafunzi akifiwa wenziwe wanakwenda kumpa pole. Walikuja wamepangana wawili wawili na unga kwenye ndoo ndogo, Mwalimu Praxeda mbele yao amejitanda kanga ambayo haikutaka kukaa kichwani. Wanawake waliwasogezea mkeka. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai. Maiti ilikuwa inaoshwa chumba cha uani, na jeneza la msikiti lilikuwa limewekwa barazani, limetandikwa mkeka ndani na kufunikwa kitambaa chake cha kijani, likisubiri.

Queen alimkuta Hasina kando ya jikoni, amekalia begi.

"Begi la nini?"

"Naenda Horohoro na baba mkubwa. Leo, wakisharudi makaburini."

"Kufanya nini?"

"Kulea mapacha."

"Utarudi lini?"

"Wakikua."

Queen alifikiri jinsi watoto wachanga wanavyokua polepole. Kwao alikuwa na mdogo wake aliyezaliwa zamani sana na mpaka leo anatambaa.

"Na mimi nani atanisomea?"

Hasina alianza kulia, si kile kilio cha babu alichokuwa amekwisha kukilia tangu jana, bali kingine kipya. Queen akamwacha pale, akazunguka barazani. Alivua viatu akavipanga vizuri ukutani, maana kwao alifundishwa kutoingia na viatu kwa watu, akainua kitambaa cha kijani, akaingia ndani ya jeneza, akajifunika.

Vijana wawili wa msikitini walikuja kulisogeza karibu na mlango wa uani. Wakainama, wakalinyanyua.

"Mbona zito?" mmoja akauliza.

"Polepole," jeneza likajibu.

Kijana wa kwanza aliliachia palepale. Wa pili hakuonekana tena mpaka siku ya tatu, ikasemekana aliruka ukuta wa jirani bila kuugusa. Watu wa turubai wakasimama wote kwa pamoja, wengine wakaanza kutoa shahada. Mwenye moyo alikuwa Maalimu peke yake, mzee wa msikiti. Alikwenda, akashika ncha ya kitambaa kwa vidole viwili, akafunua.

Queen alikuwa amelala chali, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

"Mtoto," Maalimu akasema. "Toka humo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Toka."

"Sitoki."

"Wewe ni nani?"

"Mtani."

Kutoka kwenye mikeka ya wanawake bibi mmoja alipasuka kicheko, akajitia upande wa kanga mdomoni, lakini kilikuwa kimekwisha kutoka.

Ibrahimu alikuja mbio kutoka uani, mikono ya kanzu ameikunja. "Nani kaleta huyu? Mtoto wa nani huyu? Hii nyumba ina msiba!"

"Ndiyo maana nimekuja," Queen akasema.

Mwalimu Praxeda alikuwa amefika, kanga imemwangukia mabegani. "Queen Ernesti! Toka humo mara moja!"

"Mwalimu, ulisema tunayoyasoma tuyatende."

"Nilisema kunawa mikono!"

"Kumbe ni wewe uliyewafundisha?" Ibrahimu akamgeukia. "Serikali inawalipa mshahara muwafundishe watoto kulala kwenye majeneza ya watu?"

"Si hivyo, baba. Ni kusoma na kuelewa. Tunawafundisha mila za jamii mbalimbali..."

"Wameelewa sana!"

Mtu mmoja alishauri wamwinue kwa nguvu. Bi Mwatumu akamsikia. Alikuwa chumbani, ameanza kukaa eda, na sauti yake ikatokea dirishani nyuma ya pazia.

"Asimguse mtu. Mtani haguswi. Wewe binti, usijikunje, utaukunja mkeka."

"Sawa, bibi."

"Mama," Ibrahimu akasema, "jua linapanda."

"Basi mwiteni baba yake."

Ernesti aliitwa. Hakuwa mbali, tanuri lake la matofali lilikuwa nyuma ya nyumba ya tatu. Alikuja na udongo hadi magotini, kofia mkononi, amejaa heshima kama siku zote, shikamoo kwa kila mzee. Wakampisha mpaka barazani.

"Mtoe mwanao," Ibrahimu akamwambia.

Ernesti alimtazama binti yake. Akavitazama viatu vyake vilivyopangwa ukutani. Akalisikiliza lile dirisha lenye pazia, halafu akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi.

"Queen," akasema, "sogea kidogo."

"Baba?"

"Sogea, nami nipate pa kukaa." Akaketi kwenye ukingo wa jeneza, akanyoosha miguu yake yenye udongo, akapaza sauti kuelekea chumba cha kuoshea. "Mwinyijuma! Mzigua wewe! Umeishi na mvua zote zile, umeshindwa kufa siku yenye mawingu? Umetuchagulia jua hili ili tufe nyuma yako?"

Kule uani waosha maiti walisikika wakicheka, kisha wakajizuia, kisha wakacheka tena.

"Ernesti!" Bi Mwatumu akasema dirishani. "Leo ndiyo unajua kuja? Mzee kalalamika wiki nzima kwamba unamheshimu."

"Nisamehe, mama. Nilidhani siku hizi ukimtania mtu wa mjini anakwenda polisi."

Ibrahimu aliona jambo linaharibika. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akamnyooshea Queen. "Haya, mtani. Chukua hii, utoke."

Queen aliitazama noti. Baba yake aliitazama kwa muda mrefu zaidi.

"Sitaki."

"Queen," Ernesti akanong'ona, "hebu iangalie vizuri."

"Sitaki, baba. Nataka Hasina asiende Horohoro."

Zuleha alisimama mlangoni pa jikoni na mwiko unaodondosha wali. Tangu jana kila mtu pale alikuwa amelifikiri jambo hilo na hakuna aliyelisema, kwa kuwa wote walikuwa wamekunywa chai yenye sukari ya Ibrahimu.

"Hilo si jambo la utani," Ibrahimu akasema polepole. "Hilo ni la wenyewe. Mtoto ana baba yake, na baba yake amekubali. Sele! Hukukubali?"

Sele alikuwa amesimama na ndoo ya maji aliyotumwa kuipeleka uani. Watu wote wakamgeukia, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kwa siku mbili hizo kumtazama bila kumtuma.

"Nilikubali, kaka."

"Mmesikia?"

"Lakini mtani amekataa."

"Unasemaje?"

"Mimi nimekubali," Sele akasema, na jasho likamshuka. "Sijabadilisha neno. Mtani ndiye aliyekataa. Nami siwezi kumkasirikia, ni mila. Wewe unaweza?"

Ibrahimu alifungua kinywa, akakumbuka kwamba watu wanamtazama kuona kama amekasirika, akakifunga. Alimwendea Maalimu. "Maalimu, dini inasemaje hapa?"

"Dini inasema maiti isicheleweshwe," Maalimu akajibu. "Kuhusu binti kulala jenezani na kukataza mtu asipelekwe Horohoro, nimesoma sana, lakini mlango huo sijaufikia."

"Basi hicho kitabu cha shule kimesema nini? Tusikie wenyewe!"

Mwalimu Praxeda alikuwa nacho kwenye mkoba. Alikitoa, akajaribu kukisoma, lakini miwani kaiacha shule. Akatazama huku na huku kama anavyofanya darasani, na kwa mazoea tu, bila kuwaza, akasema, "Hasina, simama usome."

Hasina alikuja kutoka jikoni, uso una masizi na machozi. Akakishika kitabu kwa mikono miwili. Wazee wakasogea, wengine wakaweka kiganja nyuma ya sikio. Mtoto alisoma kwa sauti ile ya darasani, akisimama penye nukta na kupumua penye mkato: "Mtani akilala kaburini au ndani ya jeneza, haondolewi kwa nguvu wala hatukanwi. Hupewa anachotaka, kama wafiwa wanacho. Hasira ni mwiko."

"Anasoma vizuri," mzee wa tairi akasema.

"Kama wafiwa wanacho," Maalimu akarudia, akawaza. "Hapo ndipo penye sharti. Je, wafiwa wanacho?"

"Wanacho," Bi Mwatumu akajibu dirishani. "Si huyo amesimama hapo anawasomea?"

Jua lilikuwa limefika utosini. Kule makaburini wachimbaji walikuwa wamemaliza na wanangoja. Watu wa mitaa mitatu walikuwa wamejaa uwanjani, na kila mmoja alikuwa tayari kwenda kusimulia kwamba baba yake Ibrahimu alikosa jeneza kwa sababu ya Ibrahimu.

"Haya! Abaki!" Ibrahimu akasema. "Abaki, maiti itoke!"

Queen akaketi, akashuka, akavaa viatu. Akaukung'uta mkeka wa ndani kwa kiganja, akaunyoosha ulipokunjika, akampa Ibrahimu mkono.

"Asante. Poleni sana kwa msiba."

*

Walimzika Mzee Mwinyijuma salama, wakarudi, wakanawa, wakala. Darasa la Tatu B walikula pia, sinia moja watoto wanane, na walipoambiwa na mwalimu wao kwamba sasa warudi shule, Queen akasema mtani haondoki matangani kama mtu aliyefukuzwa. Mwalimu Praxeda hakubishana. Alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, amezungukwa, anasomewa majina ya watani wa kila kabila toka Maramba mpaka Pangani, anayaandika kwenye kiganja kwa kuwa karatasi hana.

Ibrahimu alikuwa na haraka. Duka liko peke yake, alisema, atarudi siku ya khitma. Wazee walitazamana. Mtoto mkubwa kuondoka hata wali wa kuzika haujashuka tumboni si jambo la kawaida, lakini wali ulikuwa wake. Alipita jikoni, akalichukua begi la Hasina, akalitupia nyuma ya pikapu, kisha akamwita mtoto kwa kidole.

"Baba mkubwa, si umesema nibaki?"

"Nilikuwa naongea na mtani. Utani unajibiwa kwa utani. Sasa nasema kweli. Ingia garini."

Hasina hakuingia, na hata angetaka asingepata nafasi. Walipokuwa wanasemezana pikapu ilikuwa imejaa. Nyuma walikuwa wamekaa watoto wa sare, magoti kwa magoti, wengine juu ya begi lenyewe. Mbele walikuwa wanne, na Yona kashika usukani.

"Shukeni!"

"Sisi watani," wakasema.

"Watani wa nani? Wewe kabila gani?"

"Mpare," Yona akasema.

"Mpare ana utani gani na Mzigua?"

"Hana. Mimi nimekuja kusaidia."

Ibrahimu alifungua mlango kumtoa, mlango wa pili wakaingia wawili wengine. Alizunguka upande ule, upande huu wakaingia watatu. Watu wa turubai waligeuza viti vyao kabisa, wakaelekea barabarani. Na hapo ndipo Sele alipokuja. Alitembea taratibu, akafika nyuma ya pikapu, akawaambia watoto, "Inukeni kidogo, wanangu," akalivuta begi kutoka chini yao.

"Sele, unafanya nini?"

"Natoa begi."

"Mtani kasema nini tena?"

"Mtani hajasema kitu, kaka. Nasema mimi. Hasina haendi."

Sauti ilikuwa ya kawaida, ile ile anayomwambia nayo mteja kwamba rimu imepinda. Ibrahimu alingoja aongeze neno, labda aombe radhi, labda ataje sababu. Sele alilitia begi begani, akamshika mwanawe mkono, akaingia naye ndani. Zuleha aliwapisha mlangoni bila kusema kitu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Ibrahimu alibaki na ufunguo mkononi na gari lililojaa watoto wa watu. Alimwangalia Mwalimu Praxeda, naye alikuwa anaandika kiganjani. Aliwaangalia wazee, nao wakasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Alisimama sana. Mwishowe akaenda akakaa pale, na mtu akamtia kikombe cha chai mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa tangu afike. Alipokaa, mzee wa tairi alimwekea mkono mgongoni akamwambia baba yake alikuwa mtu mzuri, na Ibrahimu akainamia kikombe, mabega yakamtikisika. Hawakumtazama. Alasiri ikapita hivyo.

Baadaye alikwenda tena kwenye pikapu, macho mekundu.

"Mtashuka lini?"

Queen alitoa kichwa dirishani. "Wewe unaondoka lini?"

"Matanga yakiisha," Ibrahimu akasema, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Basi tunashuka."

Walishuka mmoja mmoja, na kila aliyeshuka alimpa mkono na pole. Wa mwisho alikuwa Yona, aliyeufuta usukani kwa mkono wa shati, akauliza kama honi inafanya kazi.

"Inafanya."

"Nipige?"

"Mara moja tu."

Honi ilikuwa kubwa, ya kusikika mpakani. Chumbani, nyuma ya pazia, Bi Mwatumu alishtuka, akamwita Sele.

"Nani huyo? Ibrahimu keshaondoka?"

"Hapana, mama," Sele akajibu. "Yuko nje, na Darasa la Tatu."